Kabla ya kusema mdogo wako 'amefeli', soma matokeo yake hivi

MATOKEO ya kwanza kabisa ya mtihani wa Gredi 9, KJSEA, yalipotoka Desemba 2025, watahiniwa zaidi ya milioni 1.1 nchini walikuwa wakiyasubiri. Katika nyumba nyingi za visiwani Lamu, kuanzia Amu na Shela hadi Faza, Kizingitini na Kiwayu, anayeyafungua kwenye simu si baba wala mama. Ni kijana wa nyumba, yule aliyemaliza fomu four juzi au yuko chuo. Mzazi anasimama pembeni, anauliza swali moja tu: "Amepita?"

Basi wewe ndiye mkalimani. Na kwa mtoto wa kawaida kazi yenyewe si ngumu sana. Lakini kama huyo mdogo wako ni kiziwi, ana uoni hafifu, ana kigugumizi au ana tatizo la kusoma ambalo hakuna aliyewahi kulipa jina, halafu lugha ya mtihani ni Kiingereza ambacho hakisikii popote zaidi ya darasani, hapo neno moja unalotamka linaweza kuamua mambo makubwa. Ukisema "kafeli Kiingereza", wengine nyumbani watasikia "hana akili". Wengine watasema "ni ule ulemavu wake, tulijua tangu zamani". Yote mawili yanaweza kuwa uongo mtupu, na baada ya hapo mtoto anarudishwa darasa, anahamishiwa kitengo maalum au anabaki nyumbani kusaidia dukani.

Tuanze na karatasi yenyewe. KJSEA haitoi jumla ya alama kama KCPE ile iliyofanywa mara ya mwisho 2023. Kila somo kati ya masomo 9 linapewa kiwango na pointi. Kuna viwango vinne vikubwa: kuzidi matarajio (EE), kufikia matarajio (ME), kukaribia matarajio (AE) na chini ya matarajio (BE). Kila kimoja kimegawanywa mara mbili, ndiyo maana unaona EE1, EE2 na kuendelea hadi BE2, pointi 8 kushuka hadi 1. ME1 ni asilimia 58 hadi 74, ME2 ni 41 hadi 57. Hakuna mahali palipoandikwa "amefeli". Neno hilo tunalileta sisi wenyewe kutoka kwa mitihani ya zamani.

Cha muhimu zaidi ni kwamba alama unayoiona haikutengenezwa siku ya mtihani pekee. Asilimia 60 inatoka kwa karatasi za Gredi 9. Asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8, zile kazi na miradi ambayo walimu hupakia kwa KNEC. Na asilimia 20 iliyobaki inatoka KPSEA, mtihani wa Gredi 6. Waliofanya KJSEA 2025 walifanya KPSEA mwaka wa 2022, walipokuwa na miaka kama 12.

Sasa hebu fikiria mtoto wa kubuni. Mwite msichana wa Pate. Mwaka wa 2022 alikuwa haoni ubaoni vizuri na hakuna aliyejua. Akafanya karatasi ya kawaida, maandishi madogo, akapata 20 kwa 100 katika Kiingereza. Gredi 8 mwalimu mmoja akagundua, akapimwa macho, akapata miwani na akasajiliwa kufanya mtihani wa maandishi makubwa. Tathmini za shuleni akapata 50. Mtihani wa Gredi 9 akapata 60. Fanya hesabu: KPSEA inamletea 4, shuleni 10, Gredi 9 inamletea 36. Jumla 50, yaani ME2. Kama angeonekana mapema na kupata hata 60 kule Gredi 6, angekuwa na 12 badala ya 4. Jumla ingekuwa 58, yaani ME1. Mtoto ni yuleyule, Kiingereza ni kilekile. Pointi moja imepotea kwa sababu ya miwani iliyochelewa.

Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kufasiri matokeo ya mtoto mwenye ulemavu ni hili: alipofanya kila kipande cha mtihani huu, alikuwa na vifaa gani? Baraza la Mitihani hutoa karatasi za breli, za maandishi makubwa na zilizorekebishwa kwa viziwi. Wenye mahitaji maalum pia huongezewa nusu saa kwa kila karatasi. Lakini msaada huo hauji wenyewe kama upepo wa kusi. Mwalimu mkuu lazima aandike aina ya ulemavu wakati wa usajili. Asipoandika, karatasi inayofika ni ile ya kila mtu, na alama inayotoka ni ya mtoto aliyekuwa akipigana na karatasi badala ya kujibu maswali.

Kuna jambo jingine kuhusu KPSEA watu hawalizungumzii. Maswali yake ni ya kuchagua jibu, chaguo nne. Mtoto ambaye hakuelewa hata swali moja, akichora tu, kwa bahati atapata kama robo. Kwa hivyo alama ya 20 na kitu katika karatasi ya aina hiyo haikuambii kwamba anajua kidogo. Haikuambii karibu chochote. Inaweza kuwa mtoto anayejua lakini hakuona vizuri, au asiyejua kabisa ila alibahatisha.

Lugha yenyewe imeanza lini?

Sera ya lugha shuleni, iliyotokana na ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, inasema Gredi 1 hadi 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, kisha kuanzia Gredi 4 masomo yote yawe kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili. Kwa mtoto wa Amu lugha ya eneo ni Kiswahili. Kwa mtoto wa Kiaweer kule Basuba, lugha ya nyumbani ni ya jamii ya Kikushi, jirani wa Kisomali, Kiswahili kinakuja cha pili na Kiingereza cha tatu. Isitoshe, shule za wadi hiyo zilikaa zimefungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya usalama mdogo. Huko mtu akikuonyesha BE ya Kiingereza, kwanza muulize mtoto amekaa darasani miaka mingapi kwa jumla. Halafu ndiyo mzungumze habari za ulemavu.

Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba watoto wanaojifunza Kiingereza huweza kupiga stori kwa lugha hiyo baada ya mwaka mmoja au miwili, lakini Kiingereza cha vitabuni, kile cha "explain" na "compare", huchukua miaka kama mitano hadi saba. Na hao walikuwa watoto waliozungukwa na Kiingereza Toronto, barabarani, kwenye runinga, kila mahali. Sisi tunampima mtoto wa Ndau mwisho wa Gredi 6, mwaka wa tatu tu wa kufundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu ndiye mtu pekee anayemsikia akikizungumza. Kwa hivyo kama darasa zima lake limepata BE na AE, na yeye pia amepata BE, karatasi hiyo haijasema lolote kuhusu ulemavu wake. Imesema kuhusu Kiingereza cha shule hiyo.

Hapa ndipo ulinganisho mzuri unapopatikana. Usimlinganishe na mtoto wa Nairobi, wala na wastani wa taifa. Mlinganishe na wenzake wanaotoka nyumba kama yake, lugha kama yake, shule ileile. Wao wakipanda na yeye akabaki palepale kwa miaka miwili, hapo kuna kitu cha kutafuta. Wote wakiwa pamoja, tatizo ni la pamoja.

Na Kiswahili je? Watu wengi wa bara hudhani mtoto wa Lamu akifanya Kiswahili amelala usingizi, ni lugha yake. Si rahisi hivyo. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Nyumbani Amu mtoto husikia "mato" kwa macho, "mayi" kwa maji, "ndia" kwa njia, "moya" kwa moja. Visiwa vya kaskazini kuna Kipate, Kisiu na Kibajuni. Sasa mtathmini aliyetoka mbali, asiyejua lahaja hizi, akimsikia mtoto wa miaka saba anasema "mato" na "ndia" anaweza kuandika kwamba ana tatizo la kutamka. Nyanyake mtoto angecheka sana. Lakini fomu ikishaandikwa haicheki. Kama wewe ndiye uliyempeleka mdogo wako kupimwa, ni kazi yako kusema palepale: "Hivi ndivyo tunavyozungumza kwetu." Mtoto mwenye kigugumizi au tatizo la kweli la matamshi ataonekana kwa sababu hata wenzake wa mtaani hawamwelewi vizuri. Kipimo ni hicho.

Mtoto kiziwi na lugha tatu

Kati ya watoto wote, kiziwi ndiye anayefasiriwa vibaya zaidi, na naona ndiye tunayemkosea zaidi. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Ibara ya 120 inaifanya KSL kuwa lugha rasmi ya Bunge. Kwenye mtihani, kiziwi hufanya KSL mahali pa Kiswahili. Hadi hapo sawa.

Lakini Kiingereza anakifanya. Na KSL si Kiingereza cha mikono. Ina sarufi yake: wakati hutajwa mwanzo, neno la kuuliza mara nyingi huja mwisho, na hakuna "is", "the" wala "a". Kiziwi akiandika insha yenye sentensi kama "Yesterday market me go", mwalimu asiyejua KSL ataona mtoto mzito, au ataandika kwamba ana ulemavu wa akili juu ya uziwi. Ukweli ni kwamba mtoto huyo ameandika sarufi ya lugha yake kwa maneno ya lugha nyingine, kama wewe unavyosema "nimekam" ukiwa na marafiki. Anajifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni ambayo hajawahi kuisikia hata mara moja.

Mbaya zaidi, wengi wa watoto hawa huzaliwa katika nyumba za wanaosikia. Nyumbani hakuna KSL, kuna ishara za nyumba tu: ya chakula, ya kulala, ya kuogopa bahari. Akianza shule miaka 7 au 8 bila lugha kamili yoyote, matokeo yake ya Kiingereza katika Gredi 6 yanapima miaka ile aliyokaa bila lugha. Kwa hivyo ukitaka kujua uwezo wake, angalia KSL kwanza. Akipata AE katika Kiingereza na ME au EE katika KSL na Hesabu, ubongo uko sawa kabisa. Anahitaji mwalimu wa Kiingereza anayejua ishara. Akiwa chini kote, uliza alianza ishara lini, na anafundishwa na nani.

Na tathmini za shuleni zenye kusikiliza na kuzungumza? Marekani walilazimika kulitatua hili kwa kanuni. Kule kila mwanafunzi anayejifunza Kiingereza hupimwa kila mwaka mambo manne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kanuni za shirikisho za 2016 zinasema kama ulemavu wa mtoto unafanya isiwezekane kabisa kumpima sehemu moja, apimwe zilizobaki, na umahiri wake uhesabiwe kwa hizo. Haiwezekani umpe kiziwi sifuri ya kusikiliza halafu useme wastani wake wa Kiingereza ni mdogo. Ni jambo la busara ndogo tu, na hata mwalimu wa JSS kule Siyu anaweza kulitumia kesho akiandika ripoti: hiki nimekipima, hiki hakipimiki kwake.

Hapo pia kuna mtego wa msaada. Kumsomea mtoto asiyeona swali la Sayansi hakubadilishi kinachopimwa, kwa kuwa bado ni Sayansi. Lakini ukimsomea ufahamu wa Kiingereza, umegeuza mtihani wa kusoma kuwa mtihani wa kusikiliza. Alama inayotoka ni halali, ila inajibu swali jingine. Ukiambiwa "siku hizi anafanya vizuri ufahamu", uliza: anasoma mwenyewe kwa breli au anasomewa?

Madrasa ina ushahidi wake

Tatizo la kusoma, disleksia, ndilo gumu zaidi kulitenga na tatizo la lugha, kwa sababu halionekani kwa macho. Mtoto anakimbia, anaongea, anapiga chenga uwanjani, lakini kitabu kikifunguliwa anatafuta ruhusa ya kwenda msalani.

Kiswahili kina faida hapa. Kila herufi ina sauti yake, ukishajua silabi unasoma hata neno usilolijua. Kiingereza kina "though", "through" na "tough", hakuna mantiki. Kwa hivyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma Kiswahili bila makosa mengi lakini polepole mno, kama boti linalovuta nanga, halafu akifika kwa Kiingereza makosa yanafurika. Mwalimu anaona Kiingereza kibaya, anasema ni lugha. Ukimkalisha na kitabu cha Kiswahili cha Gredi 3 pamoja na mwenzake wa umri wake na ukatazama saa, unaona kitu tofauti. Mtoto ambaye shida yake ni Kiingereza tu atasoma Kiswahili kwa mbio. Mwenye disleksia atachoka kwa zote mbili.

Watoto wengi wa visiwani wana lugha ya tatu ya maandishi: Kiarabu cha chuoni. Huu ni ushahidi ambao shule haiuulizi kamwe, na nadhani ni uzembe. Mwalimu wa madrasa amemwona mtoto huyo kila jioni kwa miaka. Anajua kama anasoma herufi kwa kuzitazama au amehifadhi kwa kusikia tu. Mtoto aliyehifadhi juzuu kadhaa kwa kusikia ana kumbukumbu nzuri na anasikia vizuri. Ukiambiwa BE yake ni kwa sababu "hakumbuki kitu", una jibu. Lakini tahadhari: kuhifadhi si kusoma. Kama anasoma aya kwa ufasaha bila kitabu, halafu ukimwekea kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa anakwama, hilo linaelekea palepale penye shida ya Kiingereza na Kiswahili. Shida ikijirudia katika maandishi ya lugha tatu, siyo Kiingereza tena.

Kosa hili lina historia

Kuchanganya lugha na akili si ugonjwa wa Lamu. Kesi inayojulikana zaidi ni ya Diana dhidi ya Bodi ya Elimu ya jimbo la California, iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka wa 1970. Watoto tisa wa familia zenye asili ya Mexico waliwekwa katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili baada ya kupimwa kwa Kiingereza. Walipopimwa upya kwa kutumia pia Kihispania, lugha ya nyumbani, wengi wao walivuka mpaka uliokuwa umewatia katika madarasa hayo. Jimbo likakubali kuwapima watoto kwa lugha yao kwanza. Tangu hapo wataalamu wa kule wamejifunza kosa la upande wa pili pia: walimu wakaogopa kuwataja watoto wa lugha nyingine, wakawa wanasubiri tu "Kiingereza kikomae", na watoto wenye ulemavu halisi wakapotea miaka.

Sisi tuna makosa yote mawili kwa pamoja. Hebu angalia takwimu zetu wenyewe. Sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Utafiti wa Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, na Wizara ya Elimu uliotolewa 2018 ulipata zaidi ya asilimia 11 ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 21 wana ulemavu au mahitaji maalum ya kielimu. Hakuna aliyedanganya. Sensa iliuliza maswali machache na kuhesabu wale wenye shida kubwa, KISE ilitazama pia mambo kama matatizo ya kujifunza. Kipimo ukikibadilisha, watoto wanatokea au wanapotea.

Kwa nini hili ni muhimu sasa hivi kuliko wakati wa KCPE? Kwa sababu mtaala wa umilisi una njia mbili. Moja ni ile ya gredi kwa umri, inayoelekea KPSEA, KJSEA na Gredi 10. Nyingine ni ya hatua kwa hatua, kwa wanafunzi ambao mtaala wa kawaida hauwafai: msingi, kati, maandalizi ya ufundi, kisha ufundi. Hawa hupimwa mwisho wa hatua ya kati kwa KILEA, inayoangalia mambo kama kuwasiliana na kujihudumia maishani. Ni njia nzuri, imewapa nafasi watoto ambao zamani walifichwa chumbani, na kwa mtoto anayeihitaji kweli nitaitetea. Ila haiendi KJSEA. Mtoto kiziwi ambaye hakupata ishara, au mwenye disleksia aliyeonekana mzito, akiwekwa huko kwa sababu ya BE za Kiingereza, mlango wa Gredi 10 unafungwa polepole bila mtu kutangaza. Alama haikuandikwa kwa kazi hiyo. Kiwango cha Kiingereza hakiwezi kuwa sababu ya kumhamisha mtoto njia, bila tathmini ya ulemavu iliyofanywa kwa lugha anayoielewa.

Tathmini hiyo hufanywa na vituo vya EARC, vilivyoanzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark. Watu huchanganya karatasi mbili hapa. Ile ya hospitali, ya kusajiliwa na Baraza la Watu Wenye Ulemavu, inathibitisha hali ya mwili. Ile ya EARC inasema mtoto afundishwe vipi, wapi, kwa vifaa gani. Ukiwa na ya kwanza pekee, bado shule haijaambiwa la kufanya. Na ndiyo, kwa mtu wa Kiunga au Kizingitini hiyo ni safari ya boti, nauli, siku nzima na pengine kulala. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258 tu katika sensa ya 2019, wametawanyika visiwani na pwani ya mpakani, na serikali haipendi kupeleka mashine ya kupima masikio mahali penye watoto wachache. Kwa maoni yangu mashine ndiyo inafaa kupanda boti, si mtoto.

Uchache huo una athari nyingine kwa wanaopenda kuchora grafu. Shule ikiwa na watahiniwa watatu wenye ulemavu, mmoja akipanda kiwango, "wenye ulemavu wameimarika kwa asilimia 33". Mwaka ujao mmoja mgonjwa siku ya mtihani, "wameporomoka". Hizo si habari. Majimbo ya Marekani hukataa kuchapisha takwimu ya kundi dogo, mara nyingi chini ya watu 10 au 20, kwa sababu haina maana na pia inafichua watu. Katika kijiji chenye mtoto mmoja asiyeona, ukiposti "matokeo ya wasioona" umeposti matokeo ya mtoto huyo. Ma-admin wa grupu za WhatsApp za wazazi, hili ni lenu.

Sasa ukishayajua haya yote, mzazi akikuuliza "amepita?" unamjibu nini? Mwambie kwanza masomo gani yuko juu, maana huko ndiko uwezo unakoonekana bila kizuizi. Mweleze kiwango cha Kiingereza kilivyo, kisha mwambie alifanya kwa karatasi gani na wenzake wamepata nini. Kama Kiingereza kiko chini na kila kitu kingine kiko chini, usimalize mazungumzo hapo, sema tunaenda EARC. Shuleni omba kuona kazi zake za Gredi 7, 8 na 9 kwa mfuatano. Daftari tatu za miaka mitatu zitakuambia kama anasonga mbele kuliko kiwango kimoja cha herufi mbili. Nenda na mama, usiende peke yako, na uongee Kiswahili ili naye aulize.

Na kama mdogo wako yuko Gredi 6 au 9 mwaka huu, usingoje matokeo. Nenda shuleni wakati wa usajili wa KPSEA na KJSEA, muulize mwalimu mkuu kama kwenye fomu ya mtoto sehemu ya mahitaji maalum imejazwa, na imejazwa nini: breli, maandishi makubwa, karatasi ya viziwi, muda wa ziada. Beba ripoti ya EARC. Usajili ukishafungwa, karatasi itakayoshuka na boti siku ya mtihani itakuwa ile ya wote.